Beni: Anayesumbuliwa asiende kushitaki peke yake

Mjini Beni, jimboni Kivu ya Kaskazini, ugonjwa wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ukatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Kwa miaka ile miwili magari ya mashirika yalijaa barabarani, na kazi ndogo ndogo zikapatikana: kufagia, kupika, kupima watu joto, kuandika majina. Nyingi ya kazi hizo hazikubandikwa popote wala hazikuwa na mtihani. Mtu alimwita mtu. Na pale ambapo mwanaume mmoja ndiye anayeita, bila karatasi na bila shahidi, wasichana wengi walikuta kazi ina bei.

Septemba 2020, waandishi wa The New Humanitarian na Thomson Reuters Foundation walichapisha ushuhuda wa wanawake 51. Mwaka uliofuata tume huru, iliyoongozwa na Aïchatou Mindaoudou wa Niger pamoja na Mkongomani mwenzetu Julienne Lusenge wa SOFEPADI, ilihesabu watuhumiwa 83. Kati yao 21 walikuwa wafanyakazi wa Shirika la Afya Duniani, OMS. Baadaye OMS iliwapa zaidi ya wanawake 100 dola 250 kila mmoja. Kila mtu apime mwenyewe kama hiyo ni haki au ni nauli.

Kwangu, swali kubwa ni lingine. Wengi wa wanawake wale hawakuwa wamepeleka malalamiko popote. Waliogopa kupoteza kazi, waliogopa kuchekwa, waliogopa mabwana zao. Siri ilikaa miaka hadi waandishi wageni walipokuja kuuliza. Mtaa mzima ulikuwa wapi?

Sheria ilikuwapo. Tangu tarehe 20 Julai 2006, sheria namba 06/018 inaadhibu anayerudia rudia kumsumbua mtu kwa maneno, ishara, vitisho au kwa nguvu za cheo chake ili apate mapenzi. Adhabu ni kifungo cha mwaka 1 hadi 12, na faini ya faranga za Kongo 50 000 hadi 100 000, au mojawapo ya hizo mbili. Lakini ibara hiyo ina sharti ambalo wengi hawalijui: kosa la kusumbua halifuatwi mahakamani mpaka aliyesumbuliwa ashitaki mwenyewe. Jirani hawezi kushitaki mahali pake. Mama mzazi wa msichana mtu mzima hawezi. Akinyamaza yeye, faili haifunguliwi.

Ndiyo maana kazi ya maana katika kata zetu haifanyiki mahakamani. Inafanyika kabla, nyumbani na sokoni, ambapo msichana anaamua kama atasema au atameza. Na hapo wanaosaidia kwanza mara nyingi ni wamama wa vyama vya akiba, vile tunavyoviita AVEC. Wanakutana kila juma, wanaweka pesa katika sanduku la kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti. Kandoni mwa akiba kuna mfuko wa kusaidiana, wa ugonjwa na msiba. Mfuko huo ukikubali pia kulipia pikipiki ya msichana kwenda polisi na kurudi, tena na mama mmoja wa kumsindikiza, jambo linabadilika. Asiyekuwa na nauli hana malalamiko. Hilo kila anayeishi Mulekera au Ruwenzori analijua.

Kumsindikiza si kumsemea. Mama anakaa pembeni, msichana anasema mwenyewe. Anakuja na tarehe, mahali, jina la aliyekuwapo karibu. Simu yake ina ujumbe wa usiku ambao hakuufuta hata kama unamtia kichefuchefu. Mambo hayo ni madogo, lakini bila hayo afisa wa polisi anabaki na neno la mmoja juu ya neno la mwingine, na mwenye cheo ndiye anayeaminiwa.

Nisijitoe katika jambo hili. Niliposoma chuo, darasa letu lote lilijua mwalimu ambaye alama zake hazikuwa za bure kwa wasichana. Tulikuwa na utani juu yake. Dada mmoja aliacha masomo mwaka wa pili, nasi wanaume tukasema ameshindwa na hesabu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejitolea kwenda naye kwa mkuu wa kitivo. Mimi pia sikwenda.

Ugumu mwingine uko ndani ya familia zenyewe. Msichana akibakwa, wazee wa pande mbili wanakaa, wanataja mbuzi au pesa, na jambo linaitwa limekwisha. Wengine wanamlazimisha aolewe na yule yule aliyemharibu. Hapo sheria ni kali zaidi: ubakaji hauhitaji malalamiko ya aliyebakwa ili ufuatwe, na sheria namba 06/019, ya siku ile ile ya 2006, inakataza kuumaliza kwa faini ya mapatano. Inataka pia uchunguzi usizidi mwezi 1 na hukumu itoke ndani ya miezi 3. Muda huo mara nyingi hauheshimiwi, na hilo ndilo linawapa wazee wa mbuzi nguvu ya kusema mahakama ni kupoteza wakati. Lakini dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazisubiri kikao cha wazee: lazima zianze kabla ya saa 72. Nyumba kumi akipata habari, ahakikishe kwanza msichana amefika hospitali, kisha ndipo aandike.

Wanaume je? Katika mikutano ya kata wanakuja wachache, wanakaa nyuma, na wa kwanza kunyosha mkono huuliza kuhusu mavazi ya wasichana. Wamama wengine wanataka wanaume wasiingie kabisa, ili wasichana waseme wakiwa huru. Wengine wanasema bila wao hakuna litakalobadilika, maana anayesumbua ni ndugu ya mtu, na ndugu ndiye anayeweza kumwambia aache. Kuna vikundi vinavyojaribu njia ya kati: wasichana kwanza na wamama peke yao, kisha wababa wawili au watatu wanaoaminika wanatumwa kwa yule mtu, nyumbani kwake, jioni, mbele ya wakubwa wake. Akiwa ni shefu mwenyewe, hapo bado wanabishana ni nani atatumwa.