Mtoro

Katika kliniki ya methadoni, mteja akikosekana siku kadhaa huitwa mtoro. Neno hili ni la zamani: hapa pwani aliitwa hivyo mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Basi tusiliandike kwenye faili kabla ya kuuliza huyu wetu amekimbia nini.

Mwili uliozoea unga, yaani heroini, ukikaa nusu siku bila kuupata, hushikwa na arosto: makamasi, miayo, kuhara, mifupa kuuma kama inavunjwa. Hapo mtu hatafuti starehe, anatafuta nafuu. Methadoni, ambayo hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011, hudumu mwilini muda mrefu kuliko heroini. Kikombe kimoja kwa siku, kinachonywewa mbele ya mhudumu, huizuia arosto.

Kilichompeleka mtu kwenye unga hakiguswi na kikombe. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani walichapisha utafiti wa watu wazima zaidi ya 9,000. Waliopatwa na aina nne au zaidi za mateso utotoni, kama kupigwa, kunajisiwa au kuishi na mlevi, walikuwa na hatari mara 4 hadi 12 ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua, kuliko ambao hawakupatwa na lolote. Hii haimaanishi kwamba kila aliyeteswa huishia kijiweni. Wengi hawafiki huko.

Sasa mchukue mwanamke aliyewahi kubakwa. Anaambiwa atoe mkojo wa kupima huku mtu amesimama mlangoni anamtazama. Kesho haji. Sisi tunasema mkaidi, kumbe mwili wake umeshatambua hatari kabla akili haijafikiri.

Huduma inayozingatia kiwewe haidai asimulie yaliyompata. Kumchimba siku ya kwanza ni kumtonesha kidonda. Inatosha kumweleza kipimo ni cha nini, kumwachia achague mhudumu wa kike, kumwomba ruhusa kabla ya kumshika mkono kutafuta mshipa, kutomwita teja mbele ya foleni. Hakuna hata moja linalohitaji bajeti, na ndiyo maana visingizio vyetu vinanichosha.

Anayetoroka akakaa wiki kadhaa bila methadoni wala unga hubaki na mwili uliokwisha kupoteza ustahimilivu wa dawa. Akirudia kipimo chake cha zamani cha unga, pumzi inaweza kukatika usiku uleule.