Kioo Kipana na Hesabu ya Inchi

Kompyuta mpakato huuzwa kwa inchi. Mnunuzi akiambiwa kwamba vioo viwili vyote ni vya inchi 15, hudhani kuwa vina ukubwa mmoja. Sivyo. Inchi hizo hazipimi eneo la kioo, bali ulalo wake, yaani umbali kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili.

Hebu tutumie kanuni ya Pythagoras. Vioo vya zamani vilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3. Ulalo ukiwa inchi 15, upana ni inchi 12 na kimo inchi 9. Eneo, basi, ni inchi za mraba 108. Kioo kipana cha uwiano wa 16 kwa 9, chenye ulalo uleule, kina upana wa inchi 13.07 na kimo cha inchi 7.35 tu. Eneo lake ni inchi za mraba 96 hivi. Sehemu moja katika kila tisa imetoweka, ilhali inchi za dukani ni zilezile!

Umbo hili halikubuniwa kwa ajili ya wasomaji. Lilipendekezwa katika miaka ya 1980 na mhandisi wa Marekani, Kerns Powers, kwa ajili ya televisheni. Watengenezaji wa kompyuta mpakato walilifuata kwa wingi tangu mwaka 2008 hivi. Vioo vya nukta 1280 kwa 800 vikaachia nafasi vile vya 1366 kwa 768. Jumla ya nukta iliongezeka kutoka 1,024,000 hadi 1,049,088, lakini kimo kilipungua kwa nukta 32. Mtazamaji wa filamu hakudhurika. Asomaye alipoteza yapata mistari miwili ya maandishi madogo. (Namba 1366 yenyewe ni ya kulazimisha: 768 mara 16, gawanya kwa 9, haitoi namba kamili.)

Wala wingi wa nukta peke yake hautoshi kuleta maandishi maangavu. Nukta 1280 kwa 720 katika simu ya inchi 5 ni kama 294 kwa kila inchi. Nukta 1366 kwa 768 katika kompyuta ya inchi 15.6 ni 100 tu.

Katika miaka ya karibuni watengenezaji kadhaa wamerudia 16 kwa 10, wengine 3 kwa 2. Mwanafunzi na akokotoe eneo la kioo cha inchi 15 chenye uwiano huo wa mwisho. Jibu linakaribia inchi za mraba 104.