Jua, gramu moja na amana ya elimu

Sala zetu tano hufuata safari ya jua, tangu weupe wa alfajiri hadi kutoweka kwa wekundu wa magharibi. Ni wachache, hata hivyo, wajiulizao jua hilo linawaka kwa kuni gani. Lingekuwa rundo la makaa ya mawe, lingekwisha katika miaka elfu chache tu.

Ufunguo wa jawabu ulipatikana mwaka 1905. Albert Einstein, kijana wa miaka 26 aliyefanya kazi katika ofisi ya kusajili uvumbuzi mjini Bern, Uswisi, alibainisha kwamba tungamo la kitu lenyewe ni nishati iliyotulia. Kiasi chake hupatikana kwa kuzidisha tungamo hilo kwa kasi ya mwanga, kisha kwa kasi hiyo tena. Kwa kuwa mwanga huenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, hata punje ndogo ina hazina kubwa mno. Ndani ya jua hidrojeni huungana ikawa heli, na heli hiyo huwa nyepesi kidogo kuliko hidrojeni iliyoiunda. Upungufu huo, kiasi cha tani milioni 4 kila sekunde, ndio nuru na joto tulipatalo.

Mwendo nao umo katika hesabu hiyo. Kitu kiendacho kina nishati zaidi ya kilichotulia, na kadiri kinavyoikaribia kasi ya mwanga, kila nyongeza ndogo ya kasi hudai nishati kubwa zaidi. Ndiyo maana hakuna kitu chenye tungamo kiwezacho kuifikia kasi hiyo, kisukumwe vipi.

Lakini kanuni iliyo rehema juu ya jua ilishuka duniani kwa sura nyingine. Tarehe 6 Agosti 1945, tungamo lisilofika gramu moja liligeuka nishati juu ya mji wa Hiroshima, Japani, na makumi ya maelfu ya watu wakaangamia, wakiwemo vikongwe na watoto wachanga. Einstein, aliyetia saini mwaka 1939 barua ya kumtahadharisha Rais Roosevelt wa Marekani juu ya uwezekano wa bomu hilo, alikuja kuijutia saini yake.

Wazazi, tuwahimize watoto wetu, wa kike kwa wa kiume, waisome fizikia bila woga. Pamoja na hesabu, tuwakumbushe kwamba mja ataulizwa elimu yake aliifanyia nini. Kanuni haichagui kati ya kuangaza na kuunguza. Achaguaye ni mwanadamu aliyekabidhiwa.