Farasi Msumbufu Katika Msafara: Mjeledi Si Dawa

Asubuhi ya Jumamosi, farasi sita wanatoka zizini viungani mwa mji wa Nanyuki kwa mwendo wa pole. Mbele yuko saisi anayeongoza, nyuma yuko mwenzake, na katikati wako wageni wanne. Mmoja wao ni msichana wa miaka kumi ambaye hii ni mara yake ya tatu kupanda farasi. Kabla ya kumaliza hata kilomita moja, farasi wa nne anaanza kumsukuma wa tatu kwa kifua. Anavuta hatamu, anatafuta upenyo, anajipenyeza ubavuni. Farasi wa tatu analaza masikio nyuma, kisha anarusha teke. Teke halimpati farasi aliyemsukuma. Linampata mpandaji wake kwenye muundi wa mguu.

Huu ni mfano tu, lakini saisi yeyote wa Laikipia anayeongoza misafara ya wageni ataitambua hali hiyo mara moja. Pia anajua kinachofuata: mgeni anaumia, watoto wanaogopa, msafara unarudi mapema, na lawama zote zinamwangukia yeye. Kaunti hii iliyo magharibi mwa Mlima Kenya ni miongoni mwa sehemu chache nchini ambako mgeni anaweza kupanda farasi na kupita karibu na twiga na punda milia. Kwa vijana wanaofanya kazi katika mazizi, usalama wa msafara mmoja ndio huamua kama mgeni atarudi tena na kuwaleta wenzake.

Makala haya yanaeleza kwa nini farasi huwa msumbufu katika msafara, na jinsi ya kumdhibiti bila kumuumiza wala kuwahatarisha wengine.

Kwa nini farasi husukuma

Farasi ni mnyama wa kundi. Porini, anayeachwa nyuma peke yake ndiye rahisi kuwindwa, na hofu hiyo haikumtoka alipoanza kufugwa. Akiona wenzake wanaenda mbali naye, damu yake humwambia awafuate. Kwa hivyo farasi anayesukuma hana lazima awe mkorofi. Mara nyingi ana wasiwasi wa kuachwa.

Sababu ya pili ni maumivu. Tandiko linalobana mabega, kidonda kilichofichwa na blanketi, au meno yenye ncha kali yanayokwaruza shavu yanaweza kumfanya farasi akimbie mbele kana kwamba anayakimbia maumivu hayo. Meno ya farasi huendelea kuchomoza kadiri yanavyolika, na ndiyo sababu yanahitaji kukaguliwa angalau mara moja kwa mwaka.

Sababu ya tatu ni chakula kingi na kazi kidogo. Farasi aliyefungiwa bandani wiki nzima akilishwa nafaka, kisha akatolewa Jumamosi na kuambiwa atembee polepole, ana nguvu nyingi kuliko kazi aliyopewa. Nguvu hizo lazima zitoke mahali fulani.

Sababu ya nne ni sisi wenyewe. Farasi hujifunza kwa kuangalia ni wakati gani shinikizo linaondolewa. Akimkanyaga saisi naye saisi akarudi nyuma, amefundishwa kwamba kusukuma kunafaa. Akivuta kichwa ili ale nyasi njiani naye mpandaji akaachia hatamu, amefundishwa somo hilohilo. Baada ya miezi michache, kile kinachoitwa jeuri ni masomo aliyopewa kidogokidogo na watu waliokuwa na haraka. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hata hivyo, farasi mzima pia hujifunza upya, ila itachukua muda mrefu zaidi.

Kazi huanza kabla ya kupanda

Farasi wengi wa kupanda wana uzito wa kati ya kilo 400 na 550. Hakuna mtu anayeweza kushindana na uzito huo kwa misuli. Kinachomfanya farasi atii ni mazoea, na mazoea hayo hujengwa mtu akiwa bado chini, akishika kamba ya kuongozea.

Saisi anaweza kumpima farasi kwa dakika tano tu kabla ya msafara kuondoka. Amwongoze hatua kumi, kisha asimame. Farasi naye anapaswa kusimama bila kumpita wala kumgonga kwa bega. Amwombe arudi nyuma hatua mbili. Afungue lango na kumtaka angoje hadi aitwe. Farasi akiingia katika nafasi ya saisi, arudishwe nyuma kwa utulivu, na mara tu anaporudi, kamba ilegezwe. Huko kulegeza ndiko kunakomfundisha. Kamba ikiendelea kuvutwa hata baada ya farasi kutii, hana namna ya kujua kwamba amefanya vyema.

Farasi anayeshindwa jaribio hili langoni hatatulia akiwa na mgeni mgongoni. Siku hiyo apandwe na saisi mwenye ujuzi, au abaki nyumbani.

Baada ya hapo ukaguzi wa mwili ufuate: mgongo, mbavu chini ya ukanda wa tumbo, pembe za mdomo na kwato zote nne. Uzito wa mpandaji pamoja na tandiko pia uzingatiwe. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba mzigo wote usizidi takriban asilimia 20 ya uzito wa farasi mwenyewe. Farasi wa kilo 450, kwa mfano, asibebe zaidi ya kilo 90.

Mpangilio wa msafara

Kosa linalotokea sana ni kuwapanga farasi kufuatana na mgeni aliyepanda kwanza. Msafara upangwe kwa kuangalia farasi anayeweza kutembea nyuma ya mwenzake bila ugomvi.

Anayeongoza awe farasi mtulivu, mwenye mwendo usiobadilikabadilika. Farasi msumbufu awekwe nyuma ya mwenzake asiyerusha mateke, na asiwekwe mbele au nyuma ya mtu anayejifunza. Wapo wanaompeleka mbele kabisa kwa kuamini kwamba hapo atatosheka. Baadhi ya farasi hutulia kweli wakiwa mbele, lakini wengine huogopa zaidi kwa sababu hawana wa kumfuata, na huruka pembeni wakiona mfuko wa plastiki kichakani. Hilo lijaribiwe siku ambayo hakuna wageni, kwa farasi wawili au watatu wanaobadilishana nafasi, mpaka kila mmoja azoee kuwa mbele, katikati na nyuma.

Kati ya farasi mmoja na mwingine kuwe na nafasi ya urefu wa farasi mmoja kwa uchache, na zaidi ya hapo mwendo unapoongezeka. Njia rahisi ya kumweleza mgeni ni hii: akitazama mbele katikati ya masikio ya farasi wake, aone kwato za nyuma za farasi aliye mbele. Asipoziona, amekaribia mno. Farasi huona karibu pande zote isipokuwa nyuma kabisa ya mkia na sehemu ndogo iliyo mbele ya paji la uso. Anayemjia kutoka nyuma bila nafasi anaweza kumshtua, na farasi aliyeshtuka hupiga teke kwanza.

Farasi anayejulikana kwa mateke afungwe utepe mwekundu mkiani. Ishara hiyo inatumika katika nchi nyingi, na wageni wengi waliowahi kupanda farasi wanaielewa.

Mwendo wa msafara ufuate uwezo wa mpandaji dhaifu zaidi. Asiondoke yeyote kabla wa mwisho hajakaa vizuri kwenye tandiko. Kwenye maji, aliyemaliza kunywa awasubiri wenzake. Kwenye barabara ya lami, wote wangoje na kuvuka pamoja, kwa sababu farasi aliyebaki upande wa pili akiona wenzake wanaenda anaweza kuvuka bila kujali gari linalokuja.

Ukiwa mgongoni

Mpandaji anapohisi farasi anaanza kuvuta, jambo la kwanza linalomjia ni kuvuta hatamu zote mbili kwa nguvu na kuendelea kuvuta. Hilo humpa farasi kitu cha kuegemea, naye huegemea zaidi. Mpandaji huchoka, farasi hachoki.

Njia inayofaa ni kushika kisha kuachia. Mpandaji akae wima, ashushe visigino, avute pumzi na kuitoa taratibu, afunge vidole kwenye hatamu kwa sekunde moja au mbili, na alegeze mara tu farasi anapopunguza mwendo. Arudie kila inapohitajika, hata mara hamsini katika safari moja.

Kama farasi hasikii na pana nafasi, mpandaji atumie hatamu moja kukigeuza kichwa upande na kumzungusha katika duara pana mpaka atulie, kisha arudi mahali pake katika msafara. Farasi anayepinda shingo hawezi kusukuma kwa nguvu kama aliyenyooka. Kwenye njia nyembamba au kando ya mteremko, kuzunguka ni hatari. Hapo mpandaji apaze sauti mapema, naye kiongozi ausimamishe msafara wote.

Ikitokea farasi amepiga shoti na kumpita kila mtu, walio nyuma wasimfuate. Kelele za kwato nyuma yake humfanya aone kundi zima linakimbia, naye huongeza kasi. Wote wasimame. Aliye juu yake ajitahidi kukaa wima, kisha amwelekeze polepole katika duara kubwa linaloendelea kupungua. Kumgeuza ghafla akiwa kasi kunaweza kumwangusha farasi na mpandaji kwa pamoja.

Katika Laikipia kuna sababu ya ziada ya kutoruhusu farasi ampite kiongozi. Vichakani mna nyati na tembo. Kiongozi ndiye anayejua njia za wanyama hao, upepo unakotoka na mahali pa kugeuzia. Mgeni aliyefikishwa mbele na farasi asiyezuilika ndiye atakayekutana na nyati wa kwanza.

Njia ya kurudi nyumbani

Misafara mingi huharibika katika kilomita ya mwisho. Farasi anajua kwamba zizini kuna maji, chakula na kuondolewa tandiko, na kila safari aliyokimbia kurudi imemthibitishia hivyo. Kilomita hiyo ya mwisho iwe ya kutembea tu, kila siku, bila kujali muda umekwisha. Njia ibadilishwe mara kwa mara. Siku nyingine msafara upite langoni na kuendelea mbele kidogo kabla ya kurudi. Baada ya kushuka, farasi afungwe kivulini apoe kabla ya kupewa nafaka, ili asihusishe lango na debe la chakula.

Sheria inasemaje

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inaharamisha kumpiga mnyama kikatili, kumtumikisha kupita kiasi na kumbebesha mzigo uliozidi uwezo wake. Inamlinda farasi wa mgeni sawa na punda wa mchota maji. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 nalo limeziachia serikali za kaunti jukumu la udhibiti na maslahi ya wanyama, pamoja na utalii wa mashinani. Kwa hivyo anayemchapa farasi mbele ya wageni anavunja sheria, na anaharibu biashara yake kwa mkono wake mwenyewe. Farasi aliyechapwa kwa sababu ana hofu huongeza hofu, na farasi aliyechapwa kwa sababu ya kidonda bado ana kidonda.

Mzazi na mgeni waulize nini

Mkaazi anayempeleka mtoto kupanda farasi ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa. Je, kuna helmeti inayomtosha mtoto na kufungwa vizuri chini ya kidevu? Farasi atakayepewa ametumiwa na watoto hapo awali? Msafara utakuwa na saisi mbele na mwingine nyuma? Kuna simu na sanduku la huduma ya kwanza? Katika dharura, nambari za kupiga ni 999 au 112.

Naye mgeni awe mkweli kuhusu ujuzi wake. Anayedai anajua ilhali hajui atapewa farasi mwenye nguvu, na gharama ya uongo huo inaweza kulipwa na mtoto aliye mbele yake.

Wenye farasi ambao usumbufu wao umeanza ghafla wanashauriwa kumwita daktari wa mifugo kabla ya kumtafuta mfunzi mpya, au kufika katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yao kwa ushauri. Mnyama aliyekuwa mtulivu mwezi uliopita na leo anasukuma kila mtu huenda ana jino, mgongo au kwato inayomuuma, na hiyo ndiyo njia pekee aliyo nayo ya kusema.