Mashine Inaruka? Sikiliza Kwanza, Usiitupe

Kama mnaishi fleti huku Sydney, ile sauti mnaijua. Mashine ya kufulia inaosha vizuri, kimya kabisa, halafu ikianza kukamua ni du! du! du! Yaani kama inataka kutoka bafuni iende zake. Wengi wetu tunasema imekufa, tununue nyingine. Ukipita Blacktown au Auburn halmashauri inapozoa vitu vikubwa, utaziona zimepangwa kwenye majani mbele ya nyumba. Naamini baadhi yake hazijafa. Zimechoka miguu tu.

Mwaka huu ikawa zamu yetu. Mama anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na sare zake lazima zifuliwe kila siku. Jirani wa chini akalalamika mara mbili, kwa maandishi. Fundi akaja, akasikiliza dakika moja, akasema mashine ya miaka sita haifai kutengenezwa. Mama akaanza kuhesabu hela. Mimi nikampigia mjomba.

Mjomba ni fundi magari Gerezani, Dar es Salaam. Hapa ilikuwa saa tatu usiku, kule saa nane mchana. Nikamwamkia, akaitikia, kisha nikaiweka simu karibu na mashine ikiwa inakamua. Hata hakuuliza ni ya kampuni gani. Aliuliza kitu kimoja tu: "Inagonga lini? Ikianza kukimbia, au ikishashika mwendo?"

Nikamwambia ikianza, halafu tena ikiwa inasimama.

"Basi hiyo ni shokapu, mwanangu. Kama daladala tu."

Ngoja niwaeleze kwa nini lile swali lilitosha. Mashine ya mlango wa mbele ina mapipa mawili. La ndani linazunguka na nguo, la nje linashika maji. Hilo la nje halijafungwa moja kwa moja kwenye boksi la mashine. Limening'inia kwa springi juu, na limefungiwa uzito, mara nyingi zege, ndiyo maana kuibeba ni kazi. Chini limeshikwa na shokapu, mbili mpaka nne. Springi zinabeba uzito. Shokapu zinazuia pipa lisiyumbe.

Fikiria mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma kwa mpigo wake, kila mara anapanda juu zaidi. Pipa nalo lina mpigo wake. Mwendo unapopanda kuelekea mizunguko 1,200 au 1,400 kwa dakika, kuna mahali unakutana na mpigo huo, na hapo shokapu nzima ndiyo inalituliza. Ikiwa imekwisha, pipa linagonga boksi. Mwendo ukishapita pale, kelele inapungua. Wakati wa kusimama unapita palepale tena, kelele inarudi. Beringi mbovu ni tofauti: hiyo inavuma, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo inavyovuma zaidi.

Kabla ya kulaumu shokapu, angalia mambo rahisi. Blanketi moja likifuliwa peke yake linajikusanya upande mmoja. Miguu ya mashine isipokuwa sawa, itacheza. Na kama ni mpya, hakikisha zile bolti za kusafirishia nyuma zimetolewa.

Halafu chomoa plagi, fungua mlango, weka mikono ndani, sukuma pipa chini kwa nguvu, uachie. Likirudi juu na kutulia, shokapu ni nzima. Likiendelea kuruka, zimechoka. La kwetu liliruka huku Mama anahesabu kwa sauti: "Moja, mbili, tatu… eh, nne!" Mwisho shika ukingo wa juu wa pipa la ndani, unyanyue. Likicheza peke yake bila lile la nje, tatizo ni beringi, na hiyo ni kazi kubwa zaidi.

Lakini subiri kidogo kabla ya kushika spana. Kama mashine ni ya mwenye nyumba, mwandikie yeye. Kama ni yenu, tafuta risiti. Sheria ya walaji ya Australia, inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2011, inasema bidhaa iwe na ubora wa kuridhisha kwa muda unaofaa kulingana na aina na bei yake, na muda huo unaweza kuzidi waranti ya kampuni. Wa kuuliza hapa ni NSW Fair Trading. Yetu tuliinunua kwa mtu, mkononi, kwa hiyo tukaifungua wenyewe.

Plagi nje, mabomba ya maji yafungwe, maji yaliyobaki yatolewe kupitia chujio la chini mbele. Kuilaza ni kazi ya watu wawili, usijifanye shujaa. Nyingine zinafunguliwa nyuma au mbele. Yetu shokapu zilionekana kwa chini. Kila moja inashikwa na bolti au pini ya plastiki yenye kidude cha kubonyeza. Piga picha kabla ya kutoa chochote. Ukishaitoa, ivute na uisukume polepole. Nzima inabisha kwenda na kurudi. Zetu ziliteleza kama bomba la sindano.

Za mwashi nyingi hazina oili kama za gari. Ndani kuna sponji yenye grisi maalumu inayobana, kwa hiyo usimwagie oili, utaua kile kinachofanya kazi. Agiza kwa namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko karibu na mlango. Nyingi zimeandikwa namba na herufi N, kipimo cha nguvu ya kubana; mpya zilingane na za zamani. Badilisha zote pamoja. Shokapu hazina waya. Ukikuta waya umekatika, acha, muite mwenye leseni. Kama unaogopa kuanza peke yako, The Bower pale Marrickville ni watu wa kutengeneza vitu badala ya kuvitupa.

Zetu mpya hazikufika robo ya bei ya mashine nyingine. Tuliikamulisha tupu kwanza, kisha na sare. Jirani hajaandika tena.

Kilichonishangaza ni kwamba kazi yote tuliifanya kwa Kiswahili, mimi na Mama sakafuni, mjomba kwenye spika: kaza, legeza, shika hapo, usilazimishe. Maneno hayo nilikuwa nayo siku zote, sikuwahi tu kupewa spana nayo. Rafiki yangu ambaye wazazi wake ni wa Goma anasema kwao shokapu ni amotisere. Kwenu mnaiitaje? Waulizeni wazee, halafu mtuandikie.