Motokaa za Kwanza na Mlima wa Butembo

Atokaye Beni kwenda Butembo husafiri kilometa 54 hivi, na barabara huzidi kupanda hata baridi ya mlimani impige usoni. Juu ya lori lililojaa mizigo mara nyingi hukaa kijana mwenye kabari ya mti. Gari likishindwa kupanda, huruka upesi na kuitia kabari nyuma ya gurudumu, lisirudi bondeni. Wengine humcheka kijana huyo. Lakini ajuaye asili ya motokaa hamcheki.

Mwaka 1886 Mjerumani Karl Benz alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake. Gari lake lilikuwa na magurudumu 3 tu, na nguvu zake hazikufikia za farasi mmoja. Usukani wa mviringo halikuwa nao. Dereva alishika mkono wa chuma, kama nahodha ashikavyo kana ya jahazi. Agosti 1888 mkewe, Bertha, alilitwaa pasipo kumwambia mumewe, akafunga safari na wanawe 2 toka Mannheim hata Pforzheim, karibu kilometa 100. Mafuta aliyanunua katika duka la dawa. Penye vilima wana walisukuma. Breki za mti zilipolika, alimwomba fundi viatu azipigilie ngozi. Basi, mama huyo ndiye aliyeonyesha mahali penye upungufu, na gari likatengenezwa vizuri zaidi.

Baadaye ilikuja Ford Model T, iliyoundwa toka 1908 hata 1927, magari zaidi ya milioni 15. Nayo ilikuwa na mambo ya ajabu. Chini palikuwa na vikanyagio 3: cha kushoto cha kubadili mwendo, cha kati cha kurudi nyuma, cha kulia cha breki. Mafuta yaliongezwa kwa mkono, karibu na usukani. Tena tangi lilikuwa chini ya kiti, na mafuta yalishuka yenyewe hata kwenye mtambo. Penye mlima mkali, tangi likiwa na mafuta machache, hayakufika. Ndipo dereva alipogeuza gari na kupanda kinyumenyume!

Hatari kubwa ilikuwa katika kuliwasha. Mtu alisimama mbele akizungusha mpini wa chuma. Kama alisahau kuchelewesha cheche, mtambo ulirusha mpini nyuma kwa nguvu, na wengi walivunjika mkono. Mwaka 1912 magari ya Cadillac yalianza kuuzwa yakiwa na kiwashio cha umeme, na taabu hiyo ikaanza kupungua.

Hapa Afrika, Paul Graetz alitoka Dar es Salaam kwa motokaa Agosti 1907. Akafika Swakopmund, pwani ya magharibi, Mei 1909. Leo ndege huruka masafa hayo kwa saa chache.

Twaona basi kwamba watu walitafuta kwanza kwenda, kisha wakajifunza kusimama, na somo hilo liligharimu mifupa na roho za watu. Nasi Butembo tunayo chukudu yetu ya mti, ichukuayo mizigo mizito mno. Mwenye kuiendesha huizuia kwa kukanyaga kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma. Mpira huo ni ndugu wa ile ngozi ya Bertha. Enyi wazazi, mwana akiwaonyesha chukudu mpya, msimwulize itabeba magunia mangapi. Mwulizeni kwanza: “Mwanangu, mlimani utaizuiaje?”