Gari la kufua kwa nyundo

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba tuweke kando bei ya mafuta na foleni za barabarani, tuzungumze juu ya jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza utadhani ni wendawazimu. Kuna watu huko Marekani, watu wazima wenye akili zao na kazi zao, wanaotafuta gari la mwaka 1932 lililoliwa na kutu, wanalikata kwa msumeno, wanavua madigadi na kuyatupa, wanalishusha mpaka karibu lisugue ardhi, kisha wanakaa miaka mitatu au minne wakifua kwa mikono yao kila kipande kilichopungua. Wakimaliza wanakuwa na gari la viti viwili lisilo na paa, ambalo mvua ikinyesha linawalowesha. Na hilo ndilo wanaloliringia. Wanaliita hotirodi, na umbo hilo la wazi wanaliita rodista.

Msikilizaji mmoja aliniuliza: watu hawa wana fedha, maduka yamejaa, kwa nini wasinunue? Swali zuri, lakini jibu lake linataka turudi nyuma kidogo.

Kati ya mwaka 1908 na 1927 kampuni ya Ford ilitengeneza magari ya Model T zaidi ya milioni 15. Ikafuata Model A, na mwaka 1932 likatoka gari lenye injini ya silinda nane iliyopangwa kwa umbo la herufi V, bloku yake ikiwa imemiminwa kwa mkupuo mmoja. Nguvu zake zilikuwa farasi 65, na bei ya gari la wazi haikufika dola 500. Kabla ya hapo injini ya silinda nane ilikuwa mali ya matajiri. Baada ya miaka michache magari haya yakawa mitumba. Vijana wa Los Angeles waliyanunua kwa bei ya kutupa, hasa yale ya wazi, kwa sababu hakuna mwenye familia aliyeyataka na kwa sababu yalikuwa mepesi.

Nje ya mji, katika jangwa la Mojave, kuna maziwa yaliyokauka, tambarare kama sakafu. Ziwa la Muroc ndilo lililokuwa maarufu. Vijana walikwenda huko siku za mapumziko wakavua kila kitu kisichosaidia mwendo na kupimana kasi. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana, kikaundwa chama cha kusimamia mashindano hayo, Southern California Timing Association, ambacho kipo hadi leo. Jeshi lilipoichukua Muroc, walihamia maziwa mengine, kama El Mirage.

Ikaja vita. Vijana hao hao wakaingia viwanda vya ndege na karakana za jeshi, wakajifunza kuchomelea, kukereza na kufua alumini. Waliporudi walikuwa mafundi kamili, na nchi ilikuwa imejaa vifaa vya jeshi vilivyouzwa kwa bei ya chuma chakavu. Mwaka 1946 Bill Burke alichukua tangi la ziada la mafuta la ndege ya kivita, lile linaloangushwa likiisha, akaligeuza kuwa bodi ya gari la mashindano. Mwezi Januari 1948 lilitoka gazeti lao la kwanza kubwa, Hot Rod. Lakini wakati wanaanza, ndugu zangu, maduka ya vifaa hivyo hayakuwapo. Ukitaka kitu ulikitengeneza, au ulikitoa kwenye gari jingine ukakifanya kikubali. Hiyo ndiyo maana ya neno "asilia" wanalolitumia leo: gari lililojengwa kwa vifaa na mbinu za enzi ile, si kwa sanduku la posta.

Sasa tuingie karakanani.

Kazi huanzia kwenye chesisi. Mihimili ya Ford ya 1932 imekunjwa kama mfereji uliolazwa ubavu, upande mmoja wazi. Mhimili wa namna hiyo haupindi chini kirahisi, lakini unasokoteka, na ukiweka injini ya farasi mia mbili mahali palipotengenezewa farasi 65, utasokoteka kweli. Kwa hiyo fundi anakata ubapa wa chuma wa unene wa milimita tano hivi na kuuziba ule upande wazi, mhimili ukawa kama boksi. Inaonekana rahisi. Lakini ukichomelea mshono mrefu kutoka mwanzo hadi mwisho, mhimili utapinda kama ndizi, kwa sababu chuma kikipoa hunywea na kuvuta. Anayejua kazi anaifunga chesisi yote juu ya meza ya chuma iliyonyooka, anachomelea sentimita chache hapa, anahamia upande wa pili, anasubiri, anapima, anarudi. Na mhimili wa gari hili haufichwi na kitu, unaonekana ubavuni gari likipita, kwa hiyo kosa lako litatazamwa na kila mtu.

Mbele, Ford ilishika ekseli kwa mikono miwili iliyokutana katikati chini ya gari, umbo kama la kombeo la manati. Ukiweka gia boksi nyingine, katikati hapo hapana nafasi. Vijana wa zamani walikata pale mikono ilipoungana, wakaupeleka kila mmoja kwenye mhimili wa upande wake. Hapa pana siri ambayo wengi hawaijui. Mikono ikishatenganishwa, gurudumu moja likipanda tuta, ekseli yenyewe inalazimika kusokoteka. Ekseli ya Ford ina umbo la herufi I, imefuliwa kwa chuma kizuri, inakubali kusokoteka kidogo na kurudi. Mtu akiweka ekseli ya bomba, bomba halikubali, na nguvu ile hutafuta pa kutokea: inavunja shikizo, au inafungua mshono wako. Magari mawili yanaweza kufanana kwa macho, moja likaishi miaka hamsini na jingine likaachia gurudumu.

Kazi inayopendeza zaidi, kwangu mimi, ni ya bati. Chukua kipande cha chini ya mlango kilichooza, pale maji yalipotuama. Fundi haanzi na bati. Anaanza na boksi la karatasi, lile la sabuni au la biskuti. Anakata, anajaribisha, anakunja, anakata tena, mpaka karatasi imekaa. Karatasi ni bure, bati ni fedha. Kisha anahamishia alama kwenye bati la unene wa milimita moja.

Lakini karatasi inakunjika tu, haitaniki. Bodi ya gari ina uvimbe pande zote mbili, kama tumbo la mtungi. Mama mshonaji akitaka kitambaa kifuate kifua cha mtu hukata pembe na kushona. Bati huwezi kulishona hivyo ukaliacha zuri, lazima lenyewe libadilike upana wake. Ukitaka katikati pavimbe, unaligonga juu ya mfuko wa mchanga kwa nyundo ya mti, linakuwa jembamba na kutanuka. Ukitaka ukingo ufupike, unaukunja kwa makusudi kama marinda ya gauni, kisha unayagonga marinda taratibu kutoka ncha kuelekea ndani, hayana pa kukimbilia, chuma kinajisukuma ndani yake na kuwa kinene. Ndiyo elimu yote ya kufua bati: kutanua na kufupisha. Maneno mawili, ila mikono inayachukua miaka kuyaelewa. Waulizeni mafundi wetu wa Gerezani au wa Kamukunji wanaotengeneza mabeseni na masanduku, watawaambia vivyo hivyo, ingawa hawajaiona Los Angeles.

Kipande kikikaa, kinachomelewa. Bati jembamba ni adui wa moto. Sehemu iliyopata joto inataka kutanuka, lakini imezungukwa na bati baridi, kwa hiyo inajisonga kwenye unene wake. Ikipoa imeshakuwa fupi kuliko ilivyokuwa, inavuta jirani zake, na mlango uliokuwa laini unakuwa na mawimbi kama bahari ya kusi. Fundi mwenye subira anagusisha nukta moja moja, mbalimbali, anaacha zipoe. Halafu anashikiza chuma nyuma ya mshono na kuugonga mbele kwa nyundo, ili kuurudishia upana ulioibiwa na moto. Mshono wa gesi ni laini, unapokea nyundo. Wa mashine ya waya ni mgumu zaidi, na ukilazimishwa hupasuka. Ndiyo maana utawakuta wazee wangali na mitungi yao ya gesi. Na yale mabonde madogo yaliyobaki, zamani waliyajaza kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa na kulainishwa kwa kibao cha mti. Siku hizi wengi hupaka puti. Puti si dhambi ikiwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Ikiwa nene kama chapati, hapo hukutengeneza gari, ulichonga sanamu.

Mabomba ya moshi sitayazungumza sana: ni vipande vya kona vilivyokatwa na kuunganishwa kama nyoka, vikimalizia kwenye koni yenye kifuniko, ambacho ukikivua jangwani moshi unatoka moja kwa moja na majirani hawalali.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo zito. Si kila kitu kinafaa kufuliwa nyuma ya nyumba. Bati likikosewa gari linakuwa baya, basi. Stelingi ikikosewa, mtu anazikwa. Ukishusha gari na kuhamisha mikono ya ekseli, fimbo ya stelingi lazima ipande na kushuka kwa kufuata mzunguko ule ule wa mikono, la sivyo gari likipita shimoni gurudumu linajikata lenyewe bila wewe kugusa usukani. Hilo ni hesabu, linachorwa kwenye karatasi kabla chuma hakijakatwa. Kuna wanaosaga mshono ili uonekane laini, wakiondoa chuma kile kile kilichokuwa kimeshika. Wengine wanapeleka viungo vya stelingi vya chuma kigumu kupakwa kromu ili ving'ae. Katika tangi la dawa, haidrojeni huingia ndani ya chuma, na chuma kikaja kukatika ghafla kama biskuti, bila kupinda kwanza kukuonya. Kinga ni kukioka tanurini mara tu baada ya kutoka tangini, lakini anayepaka kromu bampa za magari hana habari hizo, na mteja hakumwambia.

Huko New Zealand serikali imeliona hilo: gari lililobadilishwa kiasi hiki haliingii barabarani mpaka mkaguzi aliyeidhinishwa alikague na kulipa kibati chake. Marekani kila jimbo lina sheria yake. Mimi nasema wazi kwamba nawaunga mkono New Zealand. Fundi anayejiamini hana sababu ya kumwogopa mkaguzi. Na kwa maoni yangu breki asitengeneze mtu. Hata wale vijana wa zamani, pamoja na ushupavu wao, walipoona Ford imeweka breki za maji mwaka 1939, walizitafuta kwenye magari yaliyoanguka wakazihamishia kwenye ya kwao, wakaziacha zile za fimbo.

Tunarudi basi kwenye swali la msikilizaji. Leo unaweza kuagiza karibu gari zima. Huko Ohio kiwanda cha Brookville kinafua mabodi mapya ya chuma ya Ford za miaka ile, na kuna yanayotengenezwa kwa nyuzi za kioo na gundi. Kuna wanaolalamika kwamba mwenye kununua vyote na kufunga kwa spana si mjenzi ila ni mnunuzi. Sikubaliani nao kabisa. Kila gari jipya la kiwandani linalokatwa limeokoa moja la zamani lisikatwe, na ya zamani hayaongezeki. Mtu aliyepata rodista ya 1932 ambayo haijaguswa, yenye bati lake lote, kisha akaitia msumeno, huyo mimi simwiti fundi. Aanze na lile lililooza, au na lile la Ohio.

Lakini hata mwenye bodi jipya atafika mahali ambapo duka halina la kumwambia. Shikizo la jenereta haligusi injini yake kwa sababu injini hiyo na chesisi hiyo havikuwahi kukutana. Hapo atachukua boksi la sabuni na mkasi.

Na likishakamilika lote, kila nati mahali pake, wengi huliendesha kwanza likiwa chuma kitupu, lisilo na rangi, wakasikiliza nini kinagonga na nini kinasugua. Kisha wanalifungua lote tena, mpaka mhimili wa mwisho, ili wapake rangi. Wapo wanaofika hapo, wakazitazama zile alama za nyundo, wakapaka mafuta tu kuzuia kutu na kuwasha injini.